Fundi wa Matunga

Mwaka 1947, mjini Bombay, kijana mmoja aliyekuwa akijifunza ufundi katika karakana ya reli ya Matunga alisimama mbele ya hadhira ya ushairi akasoma shairi lake juu ya Punjab. India ilikuwa imepasuliwa vipande viwili. Majirani walikuwa wakichinjana, na treni za wakimbizi ziliingia stesheni zikiwa na maiti. Kijana mwenyewe alizaliwa Rawalpindi, mji ambao sasa ulikuwa ng'ambo ya mpaka, upande wa Pakistan. Miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo Raj Kapoor, mwigizaji wa rika lake, ambaye wakati huo alikuwa mbioni kutengeneza Aag, filamu ya kwanza kuiongoza mwenyewe. Shairi lilimchoma. Akamfuata msomaji, akataka kulinunua kwa ajili ya filamu. Fundi wa reli akamkatalia. Mashairi yake, alisema, si ya kuuza.

Jina alilopewa na wazazi lilikuwa Shankardas Kesarilal. Jina la utunzi alilojichagulia ni Shailendra, na kwa jina hilo aliandika nyimbo za filamu kwa miaka kumi na saba hivi, nyimbo zilizoimbwa kutoka Bombay hadi Moscow, na kutoka Unguja hadi hapa Mombasa.

Mimi ni mtunzi wa taarab. Tangu ujana wangu nimetia maneno ya Kiswahili katika mahadhi yaliyotoka kwenye filamu za Kihindi, na hapa Mombasa hilo ni jambo la wazi. Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, alijenga jina lake juu ya mahadhi hayo, na maneno mengi aliyoyaimba yalitoka kwa jamaa yake Ahmad Nassir, mwenye diwani ya Malenga wa Mvita. Tabla, kinanda, tashkota na mizani ya Kiswahili viliketi jamvi moja. Tuliwajua Raj Kapoor na Nargis kwa sura, tukawajua Mukesh na Lata Mangeshkar kwa sauti. Waliotia maneno katika vinywa vyao hatukuwajua. Nilikuwa nimeshatunga nyimbo nyingi kabla sijalijua jina la Shailendra, na siku nilipolijua niliona nina deni la kumsimulia.

Ami yangu, Mungu amrehemu, alikuwa mchukuzi wa bandari ya Kilindini, mmoja wa maelfu waliogoma katika mgomo mkuu wa Mombasa wa Januari 1947. Kihindi alichokuwa nacho ni cha kununulia sukari dukani. Lakini wimbo mkuu wa filamu ya Awaara aliuimba mwanzo hadi mwisho, na akiulizwa unasema nini, alijibu bila kusita kwamba ni wimbo wa mtu asiye na kitu na asiyeona haya kwa hilo. Alikuwa amepatia. Mtunzi wa wimbo ule naye alikuwa mtu wa migomo. Nimefikiri sana juu ya watu wawili hawa ambao hawakuonana, na nina yakini na jambo moja: Shailendra aliihama karakana, lakini watu wa karakana hakuwahama, na ndiyo sababu maneno yake yalifika Kilindini hata kwa wasioijua lugha yake.

Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1923. Asili ya ukoo wake ni upande wa Arrah, Bihar, kwenye lugha ya Kibhojpuri, na utoto wake uliendelea Mathura, baada ya familia kuondoka Rawalpindi. Walikuwa watu wa dhiki. Tena walikuwa wa tabaka ambalo mfumo wa matabaka wa Wahindu ulilikanyaga chini kabisa, watu ambao leo wanajiita Dalit. Katika uhai wake jambo hilo halikutajwa hadharani, na ni mwanawe aliyelisema wazi miaka mingi baadaye. Ukilijua, unasoma tofauti ule mlolongo mrefu wa watu walioimba kwa maneno yake filamuni: mzururaji, mkulima aliyenyang'anywa shamba, mfungwa wa kike, mwendesha gari la ng'ombe, mtoto wa kusugua viatu barabarani.

Bombay alifika kwa njia ya reli. Matunga palikuwa mahali pa vyuma na moto, na kazi yake ilikuwa kuchomelea. Mchana karakana, jioni ushairi. Aliingia katika IPTA, chama cha maigizo ya wananchi kilichoanzishwa mwaka 1943, ambacho kilipeleka michezo na nyimbo kwenye malango ya viwanda, mitaa ya wafanyakazi na vijiji. Humo ndimo walimopita pia mwandishi Khwaja Ahmad Abbas, mwanamuziki Salil Chowdhury na mwigizaji Balraj Sahni. Shailendra aliwatungia wafanyakazi maneno ya kupaaza katika migomo. Kibwagizo chake kimoja bado kinasikika katika maandamano ya India hadi leo, na wengi wanaokipaaza hawajui kina mwenyewe.

Jukwaa lile lilikuwa chuo chake cha utunzi. Mtu anayesikiliza wimbo langoni mwa kiwanda hana kitabu mkononi, na wala hawezi kukwambia urudie mstari. Amechoka, ana njaa, na kando yake kuna mwenziwe anayezungumza. Neno likimpita limempita. Nasi tunaotungia harusi tunalijua hilo. Mwanamke aliyeketi mkekani saa nne za usiku, mtoto amemlalia mapajani, hatakungoja ufumbue fumbo la mistari sita. Neno lazima lifike mara ya kwanza, kisha libaki na kitu cha kumfanya alifikirie kesho yake. Watunzi wanaoweza la kwanza bila la pili ni wengi. Wanaoweza la pili bila la kwanza ni wengi pia. Shailendra aliyaweza yote mawili.

Kule kumkatalia Raj Kapoor hakukudumu, na sababu anaielewa kila mwenye nyumba. Mkewe alishika mimba, na mshahara wa fundi anayejifunza haukutosha. Akamwendea Raj Kapoor mwenyewe. Kwa bahati, filamu ya Barsaat ilikuwa ikitengenezwa, na nyimbo mbili zilikuwa bado hazijapata maneno. Aliziandika kwa rupia 500. Barsaat ilitoka mwaka 1949 na ikapendwa kupita kiasi, na kutoka hapo likaundwa kundi ambalo muziki wa filamu za Kihindi haukuwahi kulisahau. Shankar alikuwa mpiga tabla na Jaikishan mpiga kinanda, wote wawili waajiriwa wa Prithvi Theatres, kampuni ya michezo ya jukwaani ya Prithviraj Kapoor, baba yake Raj. Mtunzi wa pili wa maneno, Hasrat Jaipuri, alikuwa kondakta wa basi Bombay. Nyimbo ambazo Afrika Mashariki ilizijua kama nyimbo za nyota wa filamu zilitoka kwa fundi wa reli, kondakta wa basi na vijana wawili wa nyuma ya jukwaa.

Iko habari inayosimuliwa juu ya Awaara ya 1951. Abbas alikuja kumsomea Raj Kapoor hadithi ya filamu hiyo, na Shailendra akawa ameketi pembeni, hata hakutambulishwa. Abbas alisoma muda mrefu sana. Alipomaliza, Raj akamgeukia mshairi akamwuliza ameelewa nini. Shailendra akaijibu hadithi nzima kwa mstari mmoja, juu ya mtu aliyekuwa mzururaji huku ni nyota ya mbinguni iliyokumbwa na mikosi. Abbas akashangaa, akauliza huyu ni nani. Kwangu mimi kazi yote ya mtunzi wa filamu imo katika tukio hilo. Mwandishi ana saa mbili na nusu. Mtunzi ana dakika nne, na katika hizo muziki peke yake unachukua moja.

Awaara ilipofika Umoja wa Kisovieti mwaka 1954, watazamaji walizidi milioni 60. Katika pwani yetu ilijaza majumba ya sinema, ikarudishwa tena na tena miaka iliyofuata, na watoto wakapewa majina ya waigizaji wake. Mwaka 1955 ikaja Shree 420, na wimbo wake wa njiani, ambao ndani yake mzururaji anataja mavazi yake moja baada ya jingine kwa nchi yalikotoka, kisha anaukiri moyo wake kuwa wa kwao. India ilikuwa na miaka minane tu ya uhuru. Wimbo ule ulimpa mtu maskini namna ya kujivunia nchi yake bila kuombwa apige saluti. Huku kwetu, ambako uhuru ulikuwa bado njiani, watu waliupokea kama wao.

Sasa niseme juu ya kazi yenyewe, maana sifa bila ufundi ni maneno matupu. Katika filamu za Kihindi mahadhi mara nyingi hutangulia. Mwongozaji anaeleza tukio, mwanamuziki anapiga, na mtunzi anaketi chini nao akitafuta maneno ya kuingia katika vipimo ambavyo tayari vimekatwa. Nimefanya kazi hiyo hiyo kwa lugha yangu, na najua inapouma. Shairi la Kiswahili lina mizani nane kwa nane, na mkazo wetu hukaa silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Mahadhi ya Kihindi hayakungojei. Yanaweza kuivuta silabi moja katika noti tano, kisha yakakupa nafasi ya silabi sita kwa pumzi moja. Uzito wa ngoma ukiangukia silabi ya mwisho, neno la Kiswahili hupinda na msikilizaji hulisikia kama la mgeni. Kihindi nacho kina irabu ndefu na fupi, na mtunzi akiweka irabu fupi pale mwimbaji anapotaka kukaa, wimbo unachechemea.

Msikilizeni Mukesh akiimba maneno ya Shailendra. Pale sauti inapokaa, pana irabu ndefu iliyo wazi. Pale mahadhi yanapokimbia, maneno ni mafupi na ya kila siku. Hakuna neno linalosukumwa. Mtu asiyejua kazi atadhani mahadhi yaliyafuata maneno. Yule mtu alikuwa fundi wa kuchomelea, na katika uchomeleaji mzuri huoni vyuma viwili vilipokutana.

Wako wanaodhani kuandika kwa lugha nyepesi ni kumshusha msikilizaji. Inasimuliwa kwamba katika wimbo mmoja wa Shree 420, ule wa wapendanao chini ya mwavuli, alitaja pande kumi za dunia. Jaikishan hakuridhika: watu wa kawaida wanajua pande nne, nani atajua kumi? Shailendra hakubadilisha neno. Pande kumi zimo katika elimu ya kale ya Wahindu, pamoja na juu na chini na zile za katikati, na yeye aliona ni wajibu wa mtunzi kuinua ladha ya wasikilizaji wake, kuliko kujificha nyuma ya ujinga wanaodhaniwa kuwa nao. Wimbo ukapendwa na neno lake likabaki. Nimelikumbuka jambo hilo kila mara mwimbaji aliponitaka niondoe neno la Kimvita kwa hofu kwamba vijana hawatalijua. Vijana hujifunza neno kwa kuimba.

Alikuwa mpole, ila alijua haki yake. Siku zile wanamuziki ndio waliompendekeza mtunzi kwa watayarishaji wa filamu. Shankar na Jaikishan walimwahidi kumtafutia kazi, kisha ahadi ikapita. Shailendra akawapelekea karatasi yenye beti chache zenye kuwakumbusha kwamba dunia si kubwa na watu watakutana tena njiani. Wakaelewa, wakamwomba radhi, na beti zile zikawa wimbo katika filamu ya Rangoli, mwaka 1962.

Nje ya kundi la Raj Kapoor alifanya kazi iliyo nzito zaidi, kwa maoni yangu. Kwa mwongozaji Bimal Roy aliandika nyimbo za Do Bigha Zamin ya 1953, filamu ya mkulima anayekwenda Calcutta kuvuta riksho ili akomboe shamba lake, kwa muziki wa Salil Chowdhury, mwenziwe wa IPTA. Wawili hao wakarudi pamoja katika Madhumati ya 1958. Katika Bandini ya 1963, kwa muziki wa S. D. Burman, kuna wimbo ambao siusikii bila kusimamisha nilichokuwa nikifanya. Mfungwa wa kike anasaga nafaka gerezani na anaimba kumwomba baba yake amtume kaka aje amchukue nyumbani msimu wa mvua. Kaskazini mwa India ni desturi ya kale binti aliyeolewa kurudi kwao katika mwezi wa mvua, na wanawake wana nyimbo zao za kuuimba msimu huo. Shailendra aliichukua kawaida hiyo ya kijijini, akaiweka nyuma ya ukuta ambao kaka hawezi kuuvuka. Sisi tuliokulia karibu na nyimbo za kinu na za jiwe la kusagia tunajua kwamba mwanamke huyasema kazini yale ambayo haruhusiwi kuyasema akiwa ameketi.

Filamu hiyo hiyo ilimtoa mtunzi mwingine. Shailendra alikuwa amekosana na Burman, na badala ya kuacha nafasi ipotee alimshawishi kijana mmoja mshairi aliyekuwa akifanya kazi ya rangi za magari katika gereji akaandike wimbo mmoja. Kijana hakutaka mambo ya filamu. Shailendra akamsukuma. Kijana yule ni Gulzar, ambaye kwa miongo mingi iliyofuata alikuwa miongoni mwa watunzi wakubwa wa filamu za Kihindi, na hajaacha kumtaja aliyemfungulia mlango. Mwaka huo huo wa 1963 ilitoka filamu ya kwanza kabisa ya Kibhojpuri, na maneno ya nyimbo zake ni ya Shailendra. Alikuwa ameirudia lugha ya wazee wake.

Kisha likaja jambo lililommaliza. Alisoma hadithi fupi ya Phanishwar Nath Renu, mwandishi wa Bihar, juu ya Hiraman, mwendesha gari la ng'ombe. Hiraman amekwisha kuapa viapo viwili: hatabeba tena mali ya magendo, na hatabeba tena mianzi. Safari hii anambeba Hirabai, mcheza ngoma na mwimbaji wa nautanki, maigizo ya jukwaani ya vijijini, akimpeleka kwenye maonyesho. Njia ni ndefu, nyimbo ni nyingi, na mwanamume yule mnyofu anampenda mwanamke ambaye dunia haitamruhusu kuwa naye. Shailendra aliamua kuitengeneza filamu mwenyewe, kwa fedha zake na za kukopa, akaiita Teesri Kasam, yaani kiapo cha tatu. Mazungumzo yaliandikwa na Renu. Mpigapicha alikuwa Subrata Mitra, aliyepiga picha za filamu za mwongozaji Satyajit Ray. Mwongozaji alikuwa Basu Bhattacharya. Raj Kapoor akawa Hiraman, na inasimuliwa kwamba ujira aliotaka ni rupia moja. Waheeda Rehman akawa Hirabai.

Kazi ilichukua miaka. Madeni yakapanda. Raj Kapoor, aliyeijua biashara ya filamu kuliko wote, alishauri mwisho ubadilishwe, wapendanao waungane, watazamaji watoke na furaha. Shailendra hakukubali. Katika hadithi ya Renu Hirabai anaondoka kwa treni na Hiraman anabaki na kiapo chake, kwamba hatambeba tena mwanamke wa nautanki, na mtunzi aliyeanzia kwenye reli aliacha treni iondoke. Filamu ilitoka mwaka 1966, na majumba ya sinema yakabaki matupu. Waliomdai wakamwandama, afya ikavunjika. Alifariki tarehe 14 Desemba 1966, siku ya kuzaliwa ya Raj Kapoor, akiwa na miaka 43. Baadaye Teesri Kasam ikapewa tuzo ya taifa ya India ya filamu bora ya mwaka huo, na leo hakuna anayeandika historia ya sinema ya Kihindi akairuka.

Wapo wanaosema alipaswa kumsikiliza Raj. Mimi siwezi kusema hivyo. Mtu aliyekataa kuuza shairi akiwa hana kitu, kisha akakubali kufanya kazi ya kulipwa bila kuwageuka watu aliowatungia, hakuwa na namna ya kumwozesha Hiraman kwa uongo. Angekuwa amewaambia waendesha magari ya ng'ombe wa Bihar kwamba maisha yao hayafai kuonyeshwa jinsi yalivyo.

Tuzo za jarida la Filmfare zilianza mwaka 1954. Watunzi wa maneno waliwekewa fungu lao mwaka 1959, na wa kwanza kulipokea ni Shailendra, kwa wimbo wa filamu ya Yahudi. Akapata ya pili kwa Anari, na ya tatu ilikuja akiwa amekwisha kufa, kwa wimbo wa kubembeleza watoto katika Brahmachari ya 1968. Mwenzake Sahir Ludhianvi alipigania majina ya watunzi yatajwe redioni pamoja na waimbaji na wanamuziki. Wimbo ambao Shailendra hakuwahi kuumaliza, wa filamu ya Mera Naam Joker, ulikamilishwa na mwanawe Shaily. Mwaka 2013, sinema ya India ilipotimiza miaka mia, sura yake iliwekwa kwenye stempu ya posta.

Hapa kwetu bado tuko nyuma. Katika harusi za Mombasa mwimbaji hutunzwa noti, mpiga kinanda husifiwa, na mtunzi huketi miongoni mwa wageni akiyasikia maneno yake yakitoka kinywani mwa mwingine. Vijana wanaonijia wakitaka kujua namna ya kutunga huwapa masharti mawili. La kwanza, kabla ya kuandika kijana amtaje mtu mmoja wa kweli ambaye wimbo ni wake, mpika mahamri, mchukuzi, mke aliyeachwa, na maneno yawe yale ambayo mtu huyo angeyaelewa mara moja na asiyaonee haya. La pili, kila akisimama jukwaani, amtaje mtunzi kwa jina. Na kama mahadhi ni ya Kihindi, atafute yalitoka filamu gani, ni nani aliyeyapiga na ni nani aliyeyatia maneno ya kwanza. Mara nyingi jibu la mwisho litakuwa Shailendra, na waliohudhuria harusi wana haki ya kulisikia jina hilo kama walivyokuwa nayo ami yangu na wachukuzi wenzake.